Nilimwandika "Hajafika", Naye Akaanza Kuja Alfajiri

Mpendwa Shangazi wa ukurasa wa mwisho,

Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, na naomba univumilie kwa urefu wa barua hii, kwani nimeianza mara sita na kila nikijaribu kuifupisha nakuta nilichokikata ndicho kile kile ninachokionea haya.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, niko chuo cha ualimu wa shule za msingi, mwaka wa mwisho, na muhula huu nimepelekwa mazoezi ya kufundisha darasa la pili katika shule ambayo madirisha ya upande mmoja hayana vioo na ya upande wa pili hayafunguki, watoto hamsini na sita, na mwalimu wa darasa ni mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, aliponiona tu akanikabidhi chaki akasema, "Afadhali umekuja mwanangu, magoti yangu yameshaaga," nami nikafurahi, kwa sababu tangu utotoni nilikuwa nikiwapanga wadogo zangu ukutani na kuwafundisha kwa mwiko badala ya fimbo.

Chuoni tuna somo la makuzi ya mtoto, na kila mwanachuo lazima achague mtoto mmoja, amfuatilie wiki nane, aandike ripoti ya mwili wake, akili yake, lugha yake na namna anavyoishi na wenzake, na mwishoni kuna jedwali ambalo mkufunzi wetu analipenda mno, upande mmoja zimeandikwa hatua za ukuaji na upande wa pili unajaza Amefika au Hajafika, basi. Mimi nilimchagua msichana wa miaka saba ambaye shule nzima inamwita Chiriku kwa mdomo wake, ukimuuliza moja anakujibu matatu na la nne anakuuliza wewe, nikajua kwa huyu sitakosa cha kuandika. Mama yake ni marehemu, baba hajulikani alipo, analelewa na bibi yake mzaa mama, mama mzee anayefua nguo za majirani kwa kupapasa kwa sababu macho yote mawili yana mtoto wa jicho.

Wiki ya tatu nilimfanyia lile jaribio la maji tulilofundishwa. Nilichukua glasi mbili zinazofanana, nikatia maji sawasawa, nikamuuliza ipi ina maji mengi au ni sawa, akasema "Sawa" bila hata kufikiri, kisha nikamimina maji ya glasi moja kwenye chupa nyembamba ndefu mbele ya macho yake, nikamuuliza tena swali lile lile, akanitazama, akaitazama chupa, akanitazama tena mimi usoni, akasema chupa ndiyo yenye maji mengi. Shangazi, nilifurahi, maana ndivyo kitabu kinavyosema mtoto ambaye bado hajaivuka hatua ile atajibu, nikaandika kwenye daftari langu jina lake kamili na mbele yake, kwa kalamu nyekundu, Hajafika.

Daftari nililiacha wazi mezani, nami nilikuwa nasahihisha hesabu za watu hamsini na sita, na Chiriku ndiyo kwanza amejua kusoma, anasoma kila kitu, anasoma hata maandishi ya kwenye mifuko ya saruji, akasimama pembeni yangu akaanza, "Ha-ja-fi-ka," halafu akaniuliza, "Mwalimu, hapa umeniandika mimi sijafika?" na mimi, wallahi sikuinua hata kichwa, nikamjibu, "Ndiyo, bado. Utafika tu, ongeza bidii." Hayo ndiyo maneno yangu, nayakumbuka kwa sababu ndiyo niliyokuwa nawaandikia wote kwenye madaftari yao siku ile, ongeza bidii, ongeza bidii, mkono ulikuwa umeshazoea.

Sasa lazima nikueleze kwamba katika darasa letu kila asubuhi mwalimu wa darasa hasomi majina, anauliza tu, "Nani hajafika?" na watoto wanapiga kelele majina ya wasiokuwepo. Kesho yake alipouliza, Chiriku akanyoosha kidole akasema, "Mimi." Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu wa darasa akadhani anafanyiwa mzaha, akamsimamisha kwenye kona mpaka saa ya mapumziko, na mimi nilikuwepo, nimekaa nyuma na kalamu yangu, nikaandika kwenye ripoti kwamba mtoto anapenda kuvuta macho ya wenzake.

Baada ya hapo akaanza kuwahi, shule inaanza saa moja na lango hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu, yeye akawa anafika saa kumi na mbili, mara saa kumi na moja na nusu, mlinzi wetu tunayemwita Babu Filimbi anamkuta amekaa chini ya lango na mkoba wake magotini, anamwonea huruma anamfungulia, na kusema kweli mimi niliona tu kwamba mtoto anasinzia saa ya hesabu na hasemi kama zamani, nikaandika hilo pia, na ukurasa ule mkufunzi aliusifia baadaye kwa umakini.

Jumanne moja wakati wa chai Babu Filimbi akaingia chumba cha walimu kuomba sukari, akasema, "Jamani, yule Chiriku wenu atanitoa kazini. Leo kaja saa kumi na moja, giza totoro. Nikamuuliza, 'Mjukuu wangu, unakimbilia wapi?' Akasema, 'Nataka kufika.' Nikamwambia, 'Si umeshafika wewe!' Akasema, 'Mwalimu anasema bado.'" Wakacheka wote, na mimi nikacheka pamoja nao, na kicheko kilikuwa bado kiko mdomoni nilipokumbuka kalamu nyekundu, na hapo hapo mwalimu mkuu akasema watoto wakizoeshwa hivyo lango litageuka sebule, kuanzia kesho asifunguliwe mtu kabla ya saa, na mkufunzi wangu alikuwa anakuja Alhamisi kunikagua darasani na kuchukua ripoti, nikajiambia ngoja Alhamisi ipite kisha nitamkalisha mtoto nimweleze vizuri, nikamalizia chai yangu nikaenda kufundisha kutoa kwa kukopa.

Jumatano alfajiri lango halikufunguliwa. Babu Filimbi alikuwa nyuma ya madarasa anafagia, na mtoto, kwa jinsi nilivyokuja kuelewa, aliona kusimama nje ya lango siyo kufika, akatupa mkoba wake ndani kwanza, akapanda nondo za lango, akafika juu kabisa, akaanguka upande wa ndani. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili, karibu na kiwiko, na daktari amesema huenda usinyooke tena vizuri. Alhamisi mkufunzi alikuja. Nilifundisha vizuri. Ripoti yangu imepata alama za juu kuliko zote mwaka huu, na amesema itapigwa chapa wasome wanachuo wanaokuja kama mfano.

Kinachonitoa usingizi ni bibi yake. Maneno yalianza kwa wazazi wa jirani, kwamba ajuza yule anamtoa mtoto alfajiri kumpeleka kufanya kazi za watu kabla ya shule, yakafika kwa mwalimu mkuu, yakafika kwa afisa ustawi wa jamii, na Ijumaa ya wiki ijayo saa tatu asubuhi kuna kikao ofisini kwa mwalimu mkuu cha kuamua mtoto aondolewe kwa bibi apelekwe kituo cha kulelea watoto, huko mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Bibi hajitetei, anachosema ni kimoja tu, "Ni macho yangu haya. Saa ya ukutani siioni, mtoto akiniambia kumekucha, kwangu kumekucha." Na mtoto naye hakusema uongo kwamba anatumwa kazi, hakusema chochote, kila akiulizwa kwa nini alikuwa anakuja mapema vile anatazama chini.

Jumamosi nilikwenda kuwaona na pakiti ya biskuti. Nikamkuta Chiriku amekaa kizingitini na plasta yake imefika begani, nikajaribu kumchangamsha, nikamwambia ukipona tutacheza tena ule mchezo wa maji, akaniambia polepole, "Mwalimu, mimi mwanzo nilisema sawa. Ukauliza tena." Nikamwambia ndiyo, nakumbuka. Kisha akasema, "Siku ile niliyoanguka nilifika wa kwanza. Uliniandika?" Nikasema, "Nitaandika," nikaaga, hata maji niliyoandaliwa sikunywa.

Mwenzangu wa chumba, tunayelala kitanda cha juu na chini, nilimweleza yote, akaniambia, "Wewe una wazimu. Mtoto mwenyewe hajasema, unajitia kitanzi cha nini? Usimwamshe aliyelala, utalala wewe." Na kweli Shangazi, nikisema, ripoti itafutwa, mazoezi nitarudia au chuo watanifukuza, na nyumbani mimi ndiye wa kwanza kufika mpaka hapa, baba ameshaanza kuniita Mwalimu mbele ya watu. Nikinyamaza, labda kikao kitamhurumia bibi, labda na kituoni watoto wanakula na kusoma vizuri kuliko anavyoishi sasa, sijui. Na wala sikuwa na nia mbaya, niliandika neno moja tu, nalo ni neno la kwenye jedwali la chuo. Naomba uniambie la kufanya.

Ni mimi, niitwaye Mwalimu kabla ya wakati.

*

Binti yangu,

Barua yako imenifikia Jumatatu, gazeti linatoka Jumatano, na kikao chako ni keshokutwa yake. Nimemwomba mhariri amweke kando bwana mmoja anayelalamika kwamba mkewe anakoroma, ili nafasi hii uipate wewe. Yeye ataendelea kukoromewa wiki moja zaidi, hatakufa.

Nianze na pole, kwa sababu pole unastahili. Nilifundisha miaka kumi na tisa kabla sijahamia kwenye kalamu hii, na katika mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mtoto mmoja mtundu, "Leo nitakukata masikio." Alikuja siku nne mfululizo amevaa kofia ya sufu, kwenye joto, jasho linamtiririka, na mimi nikamgombeza kwa kuvaa kofia darasani. Mama yake ndiye aliyekuja kuniambia. Kwa hiyo usidhani uko peke yako. Sisi wakubwa tunatupa maneno kama maganda, na mtoto anakuja nyuma yetu anayaokota moja moja. Wewe umesomea hayo, umeyajibia na mtihani.

Kwa neno Hajafika sikulaumu. Ni neno la jedwali, na aliyelitunga hakufikiri kwamba kuna mtoto atalisoma. Hata "ongeza bidii" nitakusamehe, ingawa iliniuma kuisoma. Mtoto wa miaka saba akuulize kama yupo, nawe umjibu bado, bila kuinua kichwa!

Nisichokusamehe ni Jumanne. Na wewe unajua, ndiyo maana umeiweka katikati ya sentensi ndefu, na sukari ya mlinzi upande mmoja na kutoa kwa kukopa upande wa pili, ukidhani nitapita bila kuiona. Nimeiona. Saa nne ya Jumanne ulikuwa unajua yote. Ulijua kwa nini mtoto anakuja gizani, na ulimsikia mwalimu mkuu akisema lango lisifunguliwe. Sentensi moja tu ingetosha, tena ulikuwa umekaa kwenye kiti na kikombe mkononi. Uliichagua Alhamisi. Usiniambie hukuwa na nia mbaya, binti yangu. Hukuwa na nia mbaya Jumatatu.

Sasa nikuonyeshe jambo ambalo umeliandika kwa mkono wako na hukuliona. Mtoto amekuambia, "Mwanzo nilisema sawa. Ukauliza tena." Wewe ukamjibu unakumbuka. Unakumbuka nini? Fikiri, darasani kwenu mwalimu anauliza tatu na nne ni ngapi, mtoto anajibu saba, mwalimu anasema vizuri, kaa. Akijibu sita, mwalimu anafanya nini? Anauliza tena. Kila mtoto aliyekaa darasani mwezi mmoja anajua kwamba mwalimu akirudia swali, jibu la kwanza limekataliwa. Chiriku alijua maji ni yale yale. Alikutazama usoni, umeandika mwenyewe mara mbili kwamba alikutazama, akaona mwalimu wake hajaridhika, akakupa jibu ulilokuwa unalitafuta. Hakuyasoma maji, alikusoma wewe, na alikusoma sawasawa. Kila mwanachuo anaambiwa kwamba kuuliza mara mbili kunaweza kumyumbisha mtoto. Siku hiyo sijui ulikuwa unatazama nini.

Basi ripoti yenye alama za juu kuliko zote imemwandika vibaya mtoto uliyemfuatilia wiki nane. Mtoto aliyetaka kujua kama amehesabiwa, wewe umemwandika anapenda kuvuta macho ya wenzake. Anayesinzia kwa kuamka kungali giza, ukaandika anasinzia, ukasifiwa kwa umakini. Ripoti hiyo isipigwe chapa, itafundisha wengine kuona na wasijali.

Na huyo mwenzako wa kitanda cha juu mwambie methali yake ni nzuri lakini ameikosea nyumba. Aliyelala hapa ni nani? Bibi halali. Wewe huli wala hulali. Mtoto alikuwa akiamka saa kumi. Hakuna wa kuamshwa.

Haya, sikiliza la kufanya, na usiniandikie tena kuniuliza kama kuna njia nyepesi.

Leo ni Jumatano. Ukimaliza kusoma, likunje gazeti hili, uende kwa bibi leo leo. Usiende na biskuti. Kaa chini, usubiri amalize kufua, umwambie kwa maneno mafupi: mjukuu wako alikuwa anakuja alfajiri kwa sababu yangu, nilimwandika neno akalielewa vingine, na nilipojua sikusema. Anza na huyu mama kabla ya mkuu yeyote, kwa sababu tangu siku ile anayalaumu macho yake, na macho yale yana ugonjwa tu, hayana kosa. Akikufukuza, fukuzika. Akilia, kaa naye. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo, huo ni mzigo mwingine unamwongezea.

Kisha mtoto. Hapa nisikilize kwa makini, kwa sababu najua unachotaka kufanya, unataka kukimbia na kalamu ya bluu uandike Amefika, afurahi, na wewe upumue. Thubutu! Ukifanya hivyo atajua kwamba kumbe dawa ilikuwa ni kupanda lango na kuvunjika mkono, na neno likimshinda tena siku nyingine atatafuta lango refu zaidi. Wewe chukua lile daftari, mwonyeshe neno lile jekundu, mwambie, "Neno hili lilikuwa la kosa, na kosa ni la mwalimu. Ulikuwa umefika tangu siku ya kwanza, na maji yalikuwa sawa kama ulivyosema." Likate mbele yake. Mwambie mara moja, usirudie, unajua sasa anavyofikiri mtu akirudia. Halafu nyamaza umwache aulize, hata akikaa kimya nusu saa. Asipouliza kitu, usimlazimishe. Chiriku aliyenyamaza hachokozwi kwa vijiti ili aimbe.

Kesho, Alhamisi, andika karatasi moja, kurasa mbili zisifike, nakala tatu: ya mwalimu mkuu, ya afisa ustawi, ya mkufunzi wako. Andika siku na saa. Andika Jumanne, andika sukari, andika kwamba ulikuwepo ilipotolewa amri ya lango. Usiandike "kulitokea kutoelewana". Hakuna kilichotokea chenyewe. Zitie sahihi kwa jina lako, siyo hilo la kujificha ulilonipa mimi. Na mkufunzi mwambie kwa mdomo wako kwamba ripoti unaiondoa, kabla hajaipeleka kwa mpiga chapa.

Umeniuliza watakufanya nini. Sijui. Pengine utarudia mazoezi. Rudia. Pengine watakufukuza, na baba yako itabidi ajifunze tena kukuita jina lako, nalo ni jina alilokupa mwenyewe. Walimu wazuri niliowajua karibu wote kuna mtoto mmoja wanayemkumbuka wakiwa wamelala macho wazi. Lakini kuna wengine wabaya sana, nao pia kuna mtoto mmoja waliyemnyamazia, wakazoea, wa pili akawa rahisi.

Wala sikuahidi kwamba yataisha vizuri. Inawezekana ukasema yote na bado wakaona bibi asiyeona saa hawezi kulea, wakamchukua mtoto. Inawezekana mkono ule usinyooke, na kila atakaponyoosha kidole darasani kwa miaka yote iliyobaki uwe umepinda, na ukiwa na bahati ya kuwa mwalimu tena utakuwa unauona mkono ule kwa kila mtoto anayenyoosha wake. Hayo sina dawa yake. Ninachojua ni kwamba keshokutwa wakubwa watakaa kumjadili mtoto kwa sababu ambayo siyo, na mtu mmoja tu ndiye anayeijua iliyo kweli, naye amekaa chuoni ananiandikia barua.

Kikao ni saa tatu. Ajuza yule ataongozwa kwa mkono njia nzima, haoni mlango ulipo, haoni nani amekaa wapi, na anaamini hana mtu humo ndani. Wewe nenda saa mbili. Pita lango lile lile. Kaa kwenye benchi nje ya ofisi, karatasi yako magotini, na bibi akifika mwinukie, mshike mkono, umwambie kwa sauti, ajue kuwa ni wewe: "Shikamoo bibi. Ni mimi mwalimu. Nimeshafika."